Daktari aliyesoma nje anapofika Kasuku: nani anasimama kando yake?

Kwenye komini ya Kasuku, kama pote Kindu, mtu akisema « naenda kwa munganga » hajasema bado anaenda kwa nani. Munganga anaweza kuwa muuguzi wa kituo cha afya, mkunga, daktari wa hospitali kuu, ao kijana aliyefungua kabine yake kando ya barabara. Neno ni moja, lakini kazi na mafunzo ni tofauti.

Katika orodha hiyo kuko pia daktari Mkongomani aliyesomea nje ya nchi na kurudi nyumbani kufanya kazi. Vijana wa Kongo wanasomea udaktari Uhindi, Urusi, Uchina, Burundi, Uganda na kwingine. Mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine, viliwakuta hata wanafunzi Wakongomani kule. Familia zinauza kiwanja, zinakopa, zinachangishana, ili mtoto mmoja arudi na diploma. Siku anarudi ni furaha kubwa, na watu wanamwita « dokta » hata kabla hajafungua sanduku.

Halafu kazi inaanza. Hapo kuko swali ambalo mara nyingi halina mwenye kulijibu: miezi ya kwanza, nani anasimama kando yake? Nani anamwambia « hapa ngoja », « hapa kimbia », « huyu usimpasue peke yako »? Kwa mama anayelala kwenye meza ya upasuaji saa nane ya usiku, swali hilo lina uzito kuliko jina la chuo kilichoandikwa kwenye diploma.

Neno moja, kazi mbili

Shida ya kwanza inatoka kwa neno lenyewe « generaliste ». Nje ya nchi na hapa Maniema, neno hilo halimaanishi kitu kimoja.

Uingereza, daktari wa namna hiyo ni daktari wa familia. Anapokea wagonjwa ofisini, anawafuata miaka na miaka, anatibu kisukari, tensio, kikohozi, huzuni ya roho. Mgonjwa akihitaji kupasuliwa, anamtuma hospitalini. Na kabla ya kupewa kazi hiyo, akiisha kutoka chuoni anapita miaka 2 ya mwanzo chini ya wakubwa wake, kisha miaka 3 ya mafunzo ya udaktari wa familia. Kule, kuwa generaliste ni kazi inayosomewa peke yake.

Kongo mambo ni kinyume. Generaliste ni daktari ambaye hajaongeza masomo mengine baada ya chuo. Siku anapewa diploma, ni generaliste tayari. Lakini akitumwa kwenye hospitali kuu ya zoni ya afya, anatazamiwa kufanya karibu yote: kutibu malaria kali ya mtoto, kuongeza damu, kufanya sezariene, kurudisha hernia iliyojifunga, kushona aliyeanguka na pikipiki, na asubuhi kuandika ripoti. Hakuna pahali pa kumtuma mgonjwa karibu. Kutoka zoni za mbali mpaka Kindu ni safari ya pikipiki kwenye njia mbovu, na mtu wa Alunguli anapaswa kwanza kuvuka Lualaba.

Sasa chukua mfano wa kijana aliyesoma Uhindi. Masomo ya udaktari kule yanachukua miaka 5 na nusu, na mwaka 1 wa mwisho ni wa staji hospitalini. Urusi ni miaka 6. Kongo, kwa mfumo wa zamani, ilikuwa miaka 7: mitatu ya gradua na minne ya doktora. Kwa hesabu ya miaka, tofauti si kubwa sana. Tofauti kubwa iko mikononi. Mwanafunzi wa kigeni anaweza kusoma vitabu vizuri, kufaulu mitihani yote, na kuona sezariene nyingi kutoka nyuma ya mabega ya wengine bila yeye mwenyewe kushika kisu. Mara nyingine hata lugha ya wagonjwa wa kule hakuijua vizuri, kwa hiyo mazoezi ya kuongea na mgonjwa yalikuwa kidogo.

Mtu kama huyo si daktari mubaya. Ni daktari aliyetayarishwa kwa nyumba nyingine. Hatari inaanza pale anapopewa funguo za nyumba hii bila mtu wa kumuonyesha milango.

Kile kitabu hakionyeshi

Fikiria mtoto wa miaka 3 anayeletwa usiku na homa. Amelegea, viganja vyeupe, anapumua kwa nguvu. Daktari aliyezoea hospitali yenye mashine zote atafikiri kwanza juu ya vipimo: damu kamili, picha ya kifua, na vingine. Hakosei. Lakini hapa jibu linapaswa kupatikana kwa vitu vichache: kipimo cha haraka cha malaria kinachoitwa TDR, kipimo cha wingi wa damu, macho na mikono yake mwenyewe.

Daktari mwenye uzoefu wa Maniema, akiona viganja vile, anafanya mambo matatu kwa mara moja. Anaanza artesunate ya sindano. Anatuma laboratwari kutafuta gurupu ya damu. Na anamuambia mjomba ao baba asitoke uwanjani, kwa sababu mara nyingi damu itatoka kwa familia. Yule mpya anaweza kujua yote matatu, lakini akayafanya moja baada ya lingine, akingojea jibu la kwanza ndipo aanze la pili. Kwa mtoto aliyepungukiwa damu namna ile, saa moja ni nyingi.

Kuna pia lugha. Mama wa Kasuku akisema « roho inanipiga mbio », anaongea juu ya moyo unaodunda ndani ya kifua. Si habari za kiroho. Daktari mzaliwa wa Kindu anajua hilo tangu utoto. Lakini yule aliyekulia Kinshasa katika Kilingala, kisha akasoma kwa Kiingereza ao Kirusi, anahitaji mtu wa kumfasiria, na mara nyingi mfasiri ni muuguzi ao mgonjwa wa kitanda cha pili. Hata Kiswahili chenyewe kinatega. Tanzania, neno mganga mara nyingi linamfanya mtu afikiri juu ya mganga wa mitishamba. Hapa munganga ni mtu wa hospitali, na yule mwingine anaitwa mfumu. Daktari akimuuliza mgonjwa « ulipita kwa nani mbele ya kuja hapa? » bila kujua maneno hayo, hatajua mgonjwa amekunywa dawa gani.

Tena kuna karatasi. Fishi ya mgonjwa, ripoti ya kila mwezi ya SNIS, majina ya dawa, mwongozo wa taifa wa kutibu malaria: vyote ni kwa Kifaransa. Aliyesoma kwa Kiingereza anaweza kuandika kipimo cha dawa namna ambayo muuguzi wa zamu anakisoma vibaya. Kosa la namna hiyo halina kelele. Linaonekana asubuhi.

Diploma inapita, mtu anabaki

Sheria ya Kongo haimuachi mtu aingie tu. Mwenye diploma ya nje anapaswa kuomba ekivalansi kwenye wizara ya masomo ya juu, yaani serikali itambue kwamba karatasi yake inalingana na ya hapa. Kisha anajiandikisha kwenye Ordre des Médecins, kwa sababu bila namba ya Ordre mtu hana haki ya kutibu kama daktari. Halafu kunakuja kutumwa kazini na wizara ya afya kupitia divizio ya afya ya jimbo, ile wanayoita DPS.

Hatua hizo ni za lazima, na raia ana haki kujua kama zilifuatwa. Zinasaidia kuzuia madaktari wa uongo. Lakini tazama kile zinapima: karatasi, jina la chuo, miaka ya masomo. Hazipimi kama mtu anaweza kusimamisha damu ya mama aliyezaa, umeme ukiwa umekatika na mwenye kutoa usingizi akiwa mmoja tu.

Nchi jirani zinaongeza kitu. Kenya, Mkenya aliyesomea udaktari nje anafanya kwanza mtihani wa baraza la madaktari, na akifaulu anapita mwaka 1 wa kazi chini ya wakubwa katika hospitali iliyokubaliwa, ndipo aruhusiwe kutibu peke yake. Mtihani unachuja, na mwaka ule wa kazi unafundisha. Vyote viwili vina faida, lakini wa pili ndio unaomlinda mgonjwa zaidi.

Kongo ilikwisha kupita hapa

Swali hili si jipya. Mwaka 1960, wakati wa uhuru, nchi karibu haikuwa na daktari Mkongomani. Wabelgiji walikuwa wamefundisha wauguzi na wasaidizi wa waganga, walioitwa asistan medikal, watu wenye ujuzi mkubwa lakini bila cheo cha daktari. Wakoloni wengi walipokimbia, hospitali zilibaki tupu. OMS ilileta madaktari kutoka nchi mbalimbali, na wakati ule ule ikasaidia kupeleka kama asistan medikal 60 Ufaransa wamalize masomo ya udaktari. Wale ndio walikuwa kati ya Wakongomani wa kwanza kusoma nje na kurudi kama madaktari.

Walikuwa na kitu kimoja ambacho vijana wengi wa leo hawana: kabla ya kwenda, walikuwa wamefanya kazi miaka katika hospitali za Kongo. Walijua magonjwa, walijua watu, walijua namna ya kufanya na vitu vichache. Kule Ufaransa waliongeza elimu juu ya uzoefu. Kijana wa leo anafanya kinyume: analeta elimu, na uzoefu anapaswa kuutafuta akiisha kufika. Basi lazima mtu amsaidie kuupata, na mgonjwa asiwe ndiye anayelipia somo.

Funzo la pili liko Maniema kwenyewe, katika Kasongo. Tangu 1971, wakati Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu, Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerpen, Ubelgiji, iliendesha pale kazi iliyojulikana ulimwenguni kwa jina la Projet Kasongo. Madaktari wa Kibelgiji walifika na masomo ya Ulaya. Lakini mpango haukuwafungia ndani ya hospitali. Waliunda vituo vya afya kuizunguka hospitali, kila kituo kwa watu kama 10,000, na kituo kikaendeshwa na muuguzi. Daktari alitoka, akaenda kituoni, akaketi na muuguzi, akaangalia kazi pamoja naye. Wakaaji nao walikuwa na kamati zao za afya.

Matokeo yalisomwa mbali. Mwaka 1981 gazeti la kitabibu The Lancet lilitoa uchunguzi wa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto. Mmoja wa madaktari wa timu ile, Wim Van Lerberghe, baadaye aliongoza kuandikwa kwa ripoti kubwa ya OMS ya mwaka 2008 juu ya matunzo ya msingi ya afya. Na ule mpango wa hospitali moja, vituo vinavyoizunguka na daktari anayevisindikiza ulikuwa kati ya mifano iliyosaidia Zaire kugawanya nchi katika zoni za afya. Leo Kongo iko na zoni 519, na Maniema peke yake iko na 18.

Kasongo inaonyesha kwamba daktari aliyesoma mbali anakuwa daktari wa hapa pale anapowekwa ndani ya timu, muuguzi wa zamani akiwa kati ya walimu wake, na kazi yake ikiangaliwa mara kwa mara. Na pale usimamizi ulikuwa sehemu ya kazi ya kila mtu. Haukuwa azabu.

Ngazi nne

Nchi moja tajiri inayotegemea sana madaktari waliosoma kwingine, hasa vijijini, ni Australia. Kule baraza la madaktari limepanga usimamizi kwa ngazi nne, na ni rahisi kuzielewa.

Ngazi ya kwanza: msimamizi yuko pale pale kazini wakati wote, na daktari mpya anamuuliza juu ya kila mgonjwa. Jukumu la mgonjwa liko juu ya msimamizi. Ngazi ya pili: wanagawana jukumu, na msimamizi yuko kazini sehemu kubwa ya wakati. Ngazi ya tatu: daktari mpya anabeba jukumu mwenyewe, lakini lazima msimamizi apatikane kwa simu. Ngazi ya nne: anafanya kazi peke yake, na msimamizi anaangalia kwa vipindi. Mtu anapanda ngazi kwa kuonyesha kazi yake. Miaka ikipita tu haitoshi.

Kindu haiwezi kuchukua mpango huo mzima. Ngazi ya kwanza inaomba daktari mkubwa asiyebanwa, na hospitali za Maniema hazina madaktari wa kubaki bila kazi. Lakini wazo lenyewe, kwamba ruhusa inatolewa kidogo kidogo na kwa kazi fulani, linaweza kufanyika hapa bila pesa nyingi.

Kwa mfano, wiki za kwanza daktari mpya anaweza kuketi katika kituo cha afya na muuguzi mkuu, yule wanayemwita IT. Pale ataona ni magonjwa gani yanaleta watu, namna muuguzi anafuata ordinograme, na wakati gani anaamua kumtuma mgonjwa hospitalini. Kisha aingie hospitali kuu kwa zamu za mchana, mkubwa akiwa jengo moja naye. Upasuaji uwe na daftari: sezariene za kwanza anasaidia, zinazofuata anafanya mkubwa akiwa amevaa glavu kando yake, na kisha anaachwa, mkubwa akiwa hospitalini. Zamu ya usiku peke yake ije mwisho, mkubwa aandike jina lake kwamba amekubali.

Simu nayo inasaidia. Madaktari wengi wanaulizana kwa WhatsApp, na picha ya ekrani ya laboratwari inafika Goma ao Kinshasa kwa dakika moja. Ni ngazi ya tatu ya Australia kwa namna ya hapa. Lakini inahitaji kanuni mbili. Ya kwanza, mtu wa kujibu ajulikane jina, awe amekubali kujibu usiku, kwa sababu gurupu ya watu 200 haina mwenye jukumu. Ya pili, uso na jina la mgonjwa visiingie kwenye picha.

Nani atasimamia, na kwa pesa gani?

Hapa ndipo maneno mazuri yanakwama. Kwa kanuni, daktari mkuu wa zoni, yaani MCZ, na timu yake ndio wanapaswa kusindikiza kazi. Lakini MCZ yuko na kampanyi za chanjo, mikutano, ripoti, wageni wa mashirika, na mlipuko wa ugonjwa ukitokea yote yanasimama. Mara nyingine yeye mwenyewe ni kijana. Daktari mkurugenzi wa hospitali naye anapasua, anaongoza wafanyakazi na kutafuta mafuta ya jenereta.

Kisha kuna mshahara. Madaktari wengi wa serikali Kongo wanaishi kwa prime ya risque, na wapya wanaweza kufanya kazi muda mrefu bila matrikule, wakihesabiwa kama « nouvelle unité ». Kile kinachowalisha ni sehemu ya pesa ambazo wagonjwa wanalipa. Katika hali hiyo, kumuambia mkubwa aache mgonjwa anayelipa ili amwangalie mdogo wake ni kumuomba apoteze chakula. Na kumuambia mpya asipasue bado ni kumuomba vilevile. Usimamizi usiohesabiwa kama kazi ya kulipwa utafanywa karibu na mlango, kwa dakika tano, mtu akiwa amesimama.

Ndiyo sababu njia fupi inavutia: kabine ya kibinafsi. Kama miji mingine ya Kongo, Kindu iko na vituo vidogo vya kibinafsi vingi. Mwenye kituo anafurahi kuweka kwenye kibao kwamba daktari wake amesoma nje. Kijana anapata pesa tangu wiki ya kwanza. Lakini pale ndipo hana mkubwa kabisa, hana benki ya damu, na mwenye kituo hapendi mgonjwa atumwe hospitalini, kwa sababu mgonjwa akitoka, pesa nazo zinatoka. Kama kuna pahali pamoja ambapo daktari mpya hapaswi kuanzia, ni hapo.

Kuna pia haya. Aliyetoka mbali, ambaye familia iliuza kiwanja kwa ajili yake, anaona ni aibu kufundishwa na muuguzi mwenye diploma ya A2. Muuguzi naye anaogopa kumrekebisha dokta mbele ya watu. Wote wawili wananyamaza, na mgonjwa yuko katikati. Hapa maneno yanasaidia. Kongo imetenga kazi mbili: inspeksio ya afya ya jimbo inachunguza na kuazibu, na divizio ya afya inasindikiza. Daktari mpya anahitaji ile ya pili. Mtu akisikia « usimamizi » na kufikiri « wanatafuta makosa yangu », ataficha makosa, na kosa lililofichwa linarudia.

Mlango usifungwe

Kuna hofu nyingine, na ni ya haki. Waliosoma nje wanaweza kuuliza: kwa nini sisi tu? Kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Kindu, ao Kisangani, ao Bukavu, naye siku ya kwanza ni mpya. Na usimamizi unaweza kugeuka chombo cha kufunga mlango. Mkubwa asiyetaka mshindani anaweza kusema « bado » kila mwaka, ao kuomba kitu ndipo atie sahihi. Kijana aliyekwisha kungojea ekivalansi atangojea tena, na mwishowe atapanda ndege arudi alikotoka. Maniema itakuwa imepoteza daktari na familia imepoteza kiwanja.

Ulinzi juu ya hilo ni kanuni iliyoandikwa, inayojulikana na wote, na yenye mwisho. Ihusu kila daktari mpya, popote alipotoka, hata kama aliyesoma nje atahitaji muda mrefu zaidi kwa lugha na kwa miongozo ya taifa. Iseme ni kazi gani zinapimwa, na idadi yake. Iseme mkubwa akikataa anapaswa kuandika sababu, na kuwe na mtu wa pili wa kusoma sababu hiyo. Iseme siku ya mwisho. Kanuni kama hiyo inamlinda mgonjwa na inamlinda daktari mpya kwa mara moja. Ordre ya jimbo, DPS, hospitali kuu na kitivo cha udaktari cha Kindu vinaweza kuiandika bila kungojea Kinshasa ilete pesa. Pesa ya zamu ya msimamizi ndiyo itakayohitaji mjadala mgumu zaidi, na ni vizuri uanze mapema.

Faida inaenda pande zote mbili. Aliyesoma nje analeta vitu ambavyo hapa vinapungua: mazoea ya kuandika kila kitu kwenye fishi, kunawa mikono kabla na baada ya kila mgonjwa, kumueleza mgonjwa ugonjwa wake, kufuata kisukari na tensio mwezi baada ya mwezi badala ya kungojea mtu aanguke. Mkubwa mwenye akili atayachukua. Usindikizaji mzuri ni wa watu wawili wanaofundishana, hata kama mmoja tu ndiye mwenye jukumu.

Raia naye aulize

Kila eneo la afya liko na kamati yake, CODESA, na wahamasishaji wake, wale RECO wanaopita nyumba kwa nyumba. Mara nyingi wanaitwa kwa ajili ya chanjo na chandarua. Wana haki pia kuuliza kuhusu wanaotibu watu wao. Maswali si mengi na hayahitaji masomo ya udaktari. Daktari huyu yuko na namba ya Ordre? Mkubwa wake ni nani? Usiku, akikwama, anampigia nani simu, na yule anafika kwa muda gani? Ni wakati gani kituo hiki kinakubali kwamba mgonjwa apelekwe hospitali kuu?

Mgonjwa mmoja mmoja naye anaweza kuuliza kwa heshima: « Dokta, mutanipasua nyinyi ao mukubwa? Mukubwa yuko? » Daktari aliyefundishwa vizuri hakasiriki kwa swali hilo. Atajibu jina la mkubwa wake na kusema yuko wapi usiku ule. Kama jibu ni kwamba hakuna mkubwa, basi familia inajua mapema, wakati bado kuna muda wa kutafuta pikipiki ao mtumbwi.